Mitume na manabii: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Malindi na Lamu

Maswali haya hurudi kila mwaka chuoni (madrasa), barazani baada ya Magharibi, na kwenye harusi na matanga ambako shangazi Mkristo na mjomba Mwislamu hukalia jamvi moja. Majibu yanafuata mafundisho ya Kisunni ya madhehebu ya Shafii, yanayosomeshwa zaidi pwani hii. Wanazuoni wanapohitilafiana, au Wakristo na Wayahudi wanapoona vingine, tumetaja. Namba kama 16:36 ni sura na aya ya Qur'ani.

## Misingi

1. Nabii ni nani, na kazi yake hasa ni ipi?

Nabii ni binadamu aliyeteuliwa na Mwenyezi Mungu na kupewa wahyi, yaani ufunuo. Hajiteui mwenyewe, watu hawamchagui, wala cheo hicho hakipatikani kwa kusoma sana au kukesha kwa ibada. Anaufikisha ujumbe kama ulivyo, anaufafanua kwa maneno na kwa mwenendo wake, anawabashiria wanaotii na kuwaonya wanaoasi.

Wengi hudhani kazi kuu ya nabii ni kutabiri yajayo. Utabiri upo, lakini ni sehemu ndogo. Angalia Nabii Shuaibu alivyowakabili watu wa Madyan: baada ya kuwaita kwenye kumwabudu Mungu mmoja, jambo la kwanza alilowakataza ni kupunja vipimo na mizani (11:84-85). Katika Biblia, nabii Amosi naye anawakemea wafanyabiashara wanaopunguza kipimo na kudanganya kwa mizani (Amosi 8:5). Nabii huingia sokoni, kwenye baraza la mfalme na ndani ya nyumba za watu. Ndiyo sababu wengi wao walipingwa na wenye mali na wenye vyeo kabla ya mtu mwingine yeyote.

2. Nabii na mtume wana tofauti gani?

Kila mtume ni nabii, lakini si kila nabii ni mtume. Jibu linalosomeshwa vyuoni ni kwamba nabii hupewa wahyi, na mtume huongezewa amri ya kuwafikishia watu. Wanazuoni wengine wanaona jibu hilo lina upungufu, maana aya ya 22:52 inataja "kutumwa" kwa wote wawili. Wao husema mtume hupelekwa kwa watu wanaokataa, tena mara nyingi na sheria mpya, naye nabii huendeleza sheria ya aliyemtangulia miongoni mwa walioamini. Haruni akimsaidia Musa ndiye mfano unaotolewa sana.

Katika mazungumzo ya kawaida, ukisema "Mtume" peke yake pwani hii, kila mtu anaelewa ni Muhammad (s.a.w., yaani rehema na amani zimshukie).

3. Manabii ni wangapi? Lazima niwajue wote?

Qur'ani imewataja kwa majina 25: Adamu, Idrisa, Nuhu, Hudi, Swaleh, Ibrahimu, Lutu, Ismaili, Is-haka, Yaakubu, Yusufu, Ayubu, Shuaibu, Musa, Haruni, Dhulkifli, Daudi, Suleimani, Iliyasi, Al-Yasaa, Yunusi, Zakaria, Yahya, Isa na Muhammad. Kumi na wanane wako mahali pamoja, katika Sura Al-An'am aya 83 hadi 86, kwa hiyo mwanafunzi anayehifadhi aya hizo hubakiwa na saba tu. Watoto wengi huwajua kupitia mashairi ya Aqidatul Awam, yanayoimbwa chuoni kwa sauti moja.

Ile idadi ya 124,000 imo katika hadithi iliyopokewa kutoka kwa sahaba Abu Dharr, na wataalamu wa hadithi wamebishana kuhusu nguvu ya mapokezi yake. Usiifanye nguzo ya imani. Lililo wajibu ni kuwaamini wote kwa jumla, na kutomkanusha yeyote kati ya hao 25 anapotajwa. Anayesahau jina la Dhulkifli hana kosa. Anayesema "huyo hakuwa nabii" baada ya kufundishwa, hapo pana tatizo.

Watano kati yao huitwa Ulul Azmi kwa uvumilivu wao: Nuhu, Ibrahimu, Musa, Isa na Muhammad. Anayetajwa kwa jina mara nyingi zaidi katika Qur'ani ni Musa, mara 136. Jina Muhammad limo mara nne, na Ahmad mara moja (61:6).

4. Kwa nini manabii wote ni wa Mashariki ya Kati? Afrika haikuletewa?

Wote waliotajwa si manabii wote. Aya ya 40:78 inasema wazi kwamba wamo mitume ambao habari zao hazikusimuliwa, na 16:36 inasema kila umma ulipelekewa mtume. Aya ya 14:4 inaongeza kuwa kila mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake. Kwa hiyo Afrika haikuachwa. Hata hao waliotajwa, Yusufu aliitumikia Misri na Musa alizaliwa huko, na Misri ni Afrika.

Ila tusivuke mpaka: kumtaja mzee fulani wa kale wa pwani au wa bara na kusema "huyu alikuwa nabii" hakuna dalili. Tunaamini walikuwepo, majina tunamwachia Mungu. Na watu ambao ujumbe haukuwafikia hawaadhibiwi kwa kutoujua (17:15).

5. Zile "sifa za lazima" tulizokariri chuoni zina maana gani?

Ni nne. Ukweli: hasemi uongo. Uaminifu: hafanyi hiana wala dhambi. Kufikisha: hafichi chochote alichoamrishwa kukisema. Werevu: ana akili ya kujibu hoja. Kinyume cha kila moja hakimkiniki kwake. Sura Abasa ni ushahidi mzuri wa sifa ya tatu, kwa sababu Mtume aliifikisha aya inayomwelekeza yeye mwenyewe kuhusu kipofu aliyemjia, asifiche hata neno.

Kisha kuna linalojuzu: hali za kibinadamu zisizopunguza cheo. Manabii walikula, walilala, walioa, waliumwa, walifiwa, walikufa. Walikwenda sokoni kama watu wengine (25:20). Hapa ndipo panapohitajika uangalifu na kisa cha Nabii Ayubu. Aliugua, na subira yake ni ya kweli. Lakini yale masimulizi kwamba mwili wake ulitoka mabuu hadi watu wakamkimbia, wanazuoni wa itikadi wameyakataa, maana maradhi ya kukirihisha yangewazuia watu wasisikilize ujumbe. Walimu wanaoyasimulia kwa kunogesha wangeyaacha.

6. Wahyi huja vipi?

Aya ya 42:51 inataja njia tatu: ufunuo wa moja kwa moja moyoni, maneno kutoka nyuma ya pazia kama alivyosemeshwa Musa, na kumtuma malaika. Bibi Aisha amepokea kuwa Mtume alieleza kwamba wakati mwingine wahyi ulimjia kama mlio wa kengele, na huo ndio uliokuwa mzito zaidi kwake. Wakati mwingine malaika alimjia kwa sura ya mtu. Aisha akaongeza kuwa alimwona akitokwa jasho usoni siku ya baridi kali.

Ulianza mwaka 610 katika pango la Hira, naye ana umri wa miaka 40, ukaendelea kwa miaka 23 hivi hadi alipofariki Madina mwaka 632. Haukuwa wahyi wa kuitwa wakati wowote auhitajipo. Zipo nyakati alizoulizwa swali akangoja.

## Jamvi moja, vitabu viwili

7. Manabii wetu na wa Wakristo ni wale wale?

Wengi, ndiyo, kwa matamshi tofauti. Yahya ni Yohana Mbatizaji, Iliyasi ni Eliya, Al-Yasaa ni Elisha, Yunusi ni Yona, Lutu ni Loti, Is-haka ni Isaka. Hudi, Swaleh na Shuaibu hawamo katika Biblia kwa majina hayo. Isaya, Yeremia na Amosi nao hawakutajwa katika Qur'ani. Mwislamu hathibitishi wala hakanushi unabii wa asiyetajwa.

Visa navyo havilingani kila mahali. Katika Biblia baadhi ya manabii wanasimuliwa wakianguka katika dhambi kubwa, jambo ambalo itikadi ya Kiislamu hailikubali (tazama swali la 5). Mkizungumza na jirani, afadhali kusema "kwetu kisa kiko hivi" kuliko kugombania kisa cha mwenzako.

Tofauti kubwa kabisa ni Nabii Isa. Waislamu wanaamini alizaliwa na Bibi Mariamu bila baba, ni mtume na ni Masihi. Wakristo wanaamini ni Mwana wa Mungu. Tofauti hii haifunikwi kwa adabu, na haihitaji ugomvi. Malindi imeizungumza tangu zamani: mmisionari Francis Xavier alipotia nanga hapa mwaka 1542, aliandika kwamba alijadiliana dini na Waislamu wa mji.

8. Wakristo husema "manabii wakubwa" na "manabii wadogo." Wadogo kwa cheo?

La, kwa urefu wa kitabu. Wakubwa ni Isaya, Yeremia, Ezekieli na Danieli. Wadogo ni 12, kuanzia Hosea hadi Malaki, na kitabu cha Obadia kina aya 21 tu. Wayahudi wamempanga Danieli katika kundi jingine la maandiko, nje ya vitabu vya manabii.

9. Je, walikuwepo manabii wanawake?

Kwa Wayahudi, ndiyo: Talmud, kitabu cha mafundisho ya marabi wao, inahesabu manabii wanaume 48 na wanawake saba, wakiwemo Miriamu dada yake Musa, Debora na Hulda. Wakristo wanasoma habari za hao watatu katika Agano la Kale.

Wanazuoni wengi wa Kiislamu wanasema hapana, wakitegemea 12:109. Lakini wapo wakubwa waliosema ndiyo. Ibn Hazm na Qurtubi, wote wa Andalusia, waliona Bibi Mariamu alikuwa nabii kwa kuwa malaika alimsemesha, na Ibn Hazm alimhesabu pia mama yake Musa kwa sababu ya wahyi unaotajwa katika 28:7. Binti akiuliza swali hili chuoni asinyamazishwe. Limeulizwa na maimamu.

## Adabu na maulidi

10. Nimswalie Mtume kila ninapomtaja?

Katika madhehebu ya Shafii kumswalia ni nguzo katika tahiyatu ya mwisho ya swala, na ni nguzo katika kila moja ya hotuba mbili za Ijumaa. Ikiachwa, swala au hotuba haikusihi. Nje ya hapo, kumswalia anapotajwa ni sunna iliyokokotezwa, na wapo waliosema ni wajibu angalau mara moja katika kila kikao. Kwa manabii wengine tunasema "alayhi salaam." Katika maandishi, "s.a.w." inaeleweka, ila ukiwa na nafasi andika maneno kamili.

11. Maulidi ya nyumbani huendeshwaje?

Pwani hii husomwa zaidi kitabu cha Barzanji, na Lamu maulidi ya Habshi, yaliyotungwa na Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1915. Huanza kwa Fatiha, kisha wasomaji hupokezana milango (sehemu za kisomo) na hadhira huitikia kwa kumswalia Mtume. Inapofika habari ya kuzaliwa kwake, watu husimama, hicho ndicho kiyamu, na hapo huimbwa "Ya Nabii salaamu alayka." Chetezo cha udi huzungushwa, watu hunyunyiziwa marashi kwa mrashi, halafu hukaliwa tena hadi dua ya mwisho. Chakula ni baada ya dua.

Yanayoharibu shughuli yanajulikana. Milango haikugawiwa mapema, wasomaji wakaanza kutazamana. Shughuli ikaanza saa tatu na nusu badala ya mara tu baada ya Isha, watoto wakalala kabla ya kiyamu. Masinia yakaletwa mlangoni huku dua inasomwa, na harufu ya pilau ikawashinda watu. Chetezo kikawekwa chini ya makuti. Mgawie kila msomaji mlango wake tangu Alasiri, weka chetezo kwenye sahani ya udongo, na ukadirie kilo moja ya mchele kwa watu saba au wanane, sinia moja kwa watu wanne au watano.

12. Maulidi si bidaa, yaani uzushi katika dini?

Mjadala huu ni wa zamani na haukuanzia Afrika Mashariki. Masahaba hawakuadhimisha maulidi, na hilo halina ubishi. Sherehe mashuhuri ya Sunni inayotajwa sana ni ile ya mtawala wa Irbil, Iraki, mwanzoni mwa karne ya 13. Mwanazuoni Fakihani aliyakataa maulidi na kuyaita bidaa isiyo na asili. Mwanazuoni Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, alimjibu kwamba mkutano wa kusoma Qur'ani, kusimulia sira (maisha ya Mtume) na kulisha watu ni jambo jema hata kama umbo lake ni jipya. Kenya, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu hadi alipofariki mwaka 1947, alikemea waziwazi mambo aliyoyaona ni uzushi katika desturi za watu wa pwani.

Msimamo wetu ni huu: anayesoma maulidi asimwite asiyesoma adui wa Mtume, na asiyesoma asimwite ndugu yake mshirikina. Yaliyo haramu nje ya maulidi, kama kupuuza swala au kukopa kwa riba ili kupika, hubaki haramu ndani yake.

13. Nataka kwenda maulidi ya Lamu kutoka Malindi. Nijipangeje?

Maulidi makubwa ya Lamu ni ya Msikiti wa Riyadha, yaliyosimamishwa na Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija na kufariki mwaka 1935. Alijulikana kwa kuwafundisha watu wa tabaka zote, wakiwemo waliodharauliwa mjini wakati ule, na kwa kuyasoma maulidi pamoja na matari. Kilele ni wiki ya mwisho ya Mfungo Sita (Rabiul Awwal): kisomo, zefe, ziara kaburini kwake, na nje ya msikiti mashindano ya punda na ya majahazi.

Tarehe hufuata mwandamo wa mwezi, kwa hiyo kila mwaka hutangulia kwa siku 10 au 11 hivi katika kalenda ya ofisini. Ulizia Lamu kwenyewe kabla ya kukata tiketi. Basi hupita Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti. Ondoka Malindi asubuhi ili ufike Mokowe kabla ya jua kutua, beba kitambulisho kwa sababu kuna vizuizi vya polisi, na uvae jaketi la kuokolea botini hata safari iwe fupi. Vyumba hujaa mapema, basi mwenye jamaa Lamu amjulishe. Mwanamume avae kanzu na kofia. Wanawake wana sehemu zao za kukaa, na wenyeji watakuonyesha.

## Mambo yenye utata

14. Hidhri, Lukmani na Dhulkarnaini walikuwa manabii?

Wanazuoni wamehitilafiana. Kuhusu Hidhri, yule aliyesafiri na Musa katika Sura Al-Kahf, wengi walisema nabii na wengine walii. Lukmani, kwa kauli ya wengi, alikuwa mwenye hekima tu. Dhulkarnaini ni mfalme mwema, na wachache walimwita nabii. Usimlazimishe mtu upande wowote.

15. Nikiona mtu anafanya ajabu, si dalili ya unabii?

Ajabu peke yake haithibitishi kitu. Muujiza ni jambo la kuvunja mazoea linalomtokea nabii akiwa amedai unabii, na wapinzani wanashindwa kulifanya. Likimtokea mcha Mungu asiyedai unabii, ni karama. Likimtokea fasiki, ni istidraji: anavutwa polepole kwenye maangamizi yake. Kumbukumbu la Torati 13:1-3 linafundisha karibu hayo hayo, kwamba hata ishara ikitimia, anayewaita watu kwa miungu mingine asifuatwe. Kwa hiyo tazama mwenendo na mafundisho kwanza, ajabu baadaye.

16. Nimepokea ujumbe kwenye simu: mlinzi wa kaburi la Mtume ameota, nitume kwa watu kumi la sivyo nitapata msiba. Nifanyeje?

Ufute. Usiutume hata kwa mtu mmoja "kwa tahadhari." Ujumbe huu wa "Sheikh Ahmad," jina analopewa mlinzi huyo, umezunguka dunia kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1908 barua ya namna hiyo ilienea pwani ya kusini ya Tanganyika, hasa Lindi, hadi watawala wa Kijerumani wakaingiwa na hofu ya maasi. Ndoto hiyo haijawahi kuthibitishwa, na Sheikh Ibn Baz wa Saudia aliandika waraka kuikanusha.

Ndoto njema ni kweli, na hadithi imeiita sehemu moja kati ya 46 za unabii. Lakini hakuna hukumu mpya, amri wala vitisho vinavyopatikana kwa ndoto ya mtu. Anayeota jambo jema amshukuru Mungu na kulisimulia kwa anayempenda.

17. Mtu anajiita nabii leo. Nitamjuaje?

Kwa Mwislamu swali limefungwa: Muhammad ni wa mwisho (33:40). Musailima alipodai kushirikiana naye unabii hakukubaliwa, na akauawa katika vita vya Yamama baada ya Mtume kufariki. Nabii Isa atakaporudi hataleta sheria mpya.

Kwa jirani Mkristo, ambaye kanisani kwake huenda neno "nabii" linatumika kwa watu walio hai, vitabu vyake vina vipimo vikali. Neno lisipotimia, halikutoka kwa Mungu (Kumbukumbu la Torati 18:22). Watambueni kwa matunda yao (Mathayo 7:16). Mika 3:11 inawalaumu manabii wanaotabiri kwa fedha.

Kipimo cha fedha tunakikazia kwa sababu vitabu vyote viwili vinakubaliana. Katika Sura Ash-Shuaraa, Nuhu, Hudi, Swaleh, Lutu na Shuaibu kila mmoja anawaambia watu wake neno lile lile: sikuombeni ujira (26:109, 127, 145, 164, 180). Mara tano, karibu bila kubadilika. Anayeuza maji ya baraka, anayetoza ada ya kuonana naye, anayetaka hati ya shamba lako, amekwisha kujieleza. Ishara nyingine ni kuwatenga watu na jamaa zao, kukataza hospitali na shule, kudai kujua siku ya mwisho, na kukataa kuulizwa. Mtume mwenyewe aliamrishwa kusema hajui ya ghaibu ila alilojulishwa na Mungu (7:188).

Watu wa Malindi hawahitaji kuelezwa gharama yake. Kuanzia Aprili 2023 zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, na uchunguzi ulionyesha wengi walikufa kwa njaa, watoto wakiwemo.

18. Ndugu yangu ameshajiunga na mtu wa namna hiyo. Nianzie wapi?

Usianze kwa kumtukana kiongozi wake, utamsukuma ndani zaidi. Mtu wa namna hiyo huwa amekwisha kumwambia kwamba jamaa watampinga. Endelea kumpigia simu, mwalike kwenye shughuli za ukoo, na muulize maswali ya kawaida: anakula nini, analala wapi, kitambulisho chake yuko nacho nani. Weka kumbukumbu ya tarehe na mahali. Mtafute mtu anayemheshimu, kama mjomba, mwalimu wake wa zamani, imamu au padri, amwendee peke yake bila umati.

Ukisikia watu wanafungishwa bila kula, watoto wametolewa shule au mgonjwa anazuiwa dawa, hapo si mjadala wa dini tena. Nenda kwa chifu na kituo cha polisi siku hiyo hiyo, uandikishe taarifa na uchukue namba yake ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Mtoto akiwa hatarini, piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto nchini Kenya.